Pasheni ya maua mekundu si dume

"Mwanangu, hii yako ni dume. Ing'oe, upande nyingine."

Hukumu hiyo aliitoa shangazi akiwa amesimama chini ya kibaraza changu hapa Moshi, shingo juu, akiutazama mmea wangu wa pasheni unaotambaa. Na kweli, ulikuwa mwaka wa tatu unachanua mpaka wapita njia wanasimama kupiga picha, ila tunda halikuwepo hata la dawa.

Shangazi alikuwa anawaza mpapai. Mpapai una miti dume na miti jike, na ukikosea mche umekula hasara. Pasheni haiko hivyo. Chuma ua moja uliangalie kwa karibu. Katikati kuna kijiti kilichosimama wima. Juu yake utakuta stameni tano, sehemu za dume zenye chavua. Panda juu kidogo, kuna kijitufe cha kijani, na hicho ndicho kingekuwa tunda. Juu kabisa zimetanuka stigma tatu, sehemu za jike zinazopokea chavua, zina vichwa kama misumari. Dume na jike wamo kwenye ua moja, kila ua.

Sasa kwa nini halizai? Kwa sababu pasheni nyingi za maua mekundu zinajikataa. Chavua ikitua kwenye stigma ya ua hilohilo, au ya ua jingine la mmea huohuo, mmea unaitambua kuwa ni yake na kuizuia isifike kwenye mbegu. Inatakiwa chavua ya mmea mwingine. Na hapa ndipo watu wa vitalu wanapotuacha njia panda bila kukusudia: miche hii huoteshwa kwa vipande vya shina, na vipande vya mama mmoja ni mmea uleule uliogawanywa. Ukinunua miche mitano kwenye kitalu kimoja, huenda umenunua mmea mmoja mara tano.

Pasheni ya zambarau, ile ya juisi, inaipokea chavua yake yenyewe, ndiyo maana nyumbani kwa bibi mche mmoja ulitosha kujaza ndoo. Ile ya njano inajikataa kama nyekundu, na wakulima wake wanajua kazi ya kupita mchana, maua yanapofunguka, wakipangusa ua kwa ua.

Jina lenyewe nalo lina kisa. Wengi wetu tunasema pasheni tukifikiria glasi ya juisi, kumbe neno linatokana na Kilatini na maana yake ni mateso. Wamisionari wa Kihispania walipoukuta mmea huu Amerika ya Kusini waliona ndani ya ua mateso ya Yesu: zile stigma tatu ni misumari, stameni tano ni majeraha, duara la nyuzinyuzi ni taji la miiba, na vikono vinavyojikunja kama springi ni mijeledi.

Wekundu wake haukuwekwa kwa ajili yetu. Nyuki haioni vizuri rangi nyekundu, ila ndege anaiona. Kwao Amerika maua haya huhudumiwa na vile vindege vinavyoelea hewani vikinyonya nekta. Huku kwetu hatuna hao, tuna ndege aitwaye chozi. Wangu huja kabla ya saa mbili asubuhi, anadaka tawi, na mara nyingi anatoboa ua kwa chini na kunywa bila kugusa chavua. Mwizi mwenye manyoya mazuri.

Kuna aina kadhaa. Ikiwa jani limegawanyika mara tatu kama la mzabibu, hiyo yaelekea ni Passiflora vitifolia. Jani likiwa zima lenye meno pembeni, wauzaji husema ni coccinea, ingawa nyingi za bustanini ni miniata, ambayo wataalamu waliitenga kwa jina lake mwaka 2006. Zote ni za nchi za joto. Moshi, chini ya mita 1,000, zinajisikia nyumbani. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na ile baridi ya Juni hadi Agosti yenye mawingu kutwa huzifanya zisinyae na kugoma kuchanua. Mimi kwa Arusha ningepanda mwanzoni mwa vuli, kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, ili mmea ushike kabla ya baridi.

Kipande chenye pingili tatu kinatosha. Kiote kwenye kiriba kivulini, kisha ukihamishie kwenye shimo lenye samadi iliyooza na udongo usiotuamisha maji. Usipande palipokuwa na nyanya, minyoo ya mizizi huwa inasubiri. Tandaza maganda ya kahawa juu, na mpe waya wa kupandia. Samadi ukizidisha utapata majani tu.

Majani hayo usimpe mbuzi wala usiyafanye chai, na tunda bichi lisiliwe: jamii hii ina kemikali zinazotoa sayanaidi. Na ukiona sisimizi kwenye vikonyo vya majani usikimbilie dawa. Pale kuna vitezi vidogo vinavyotoa utamu, na sisimizi wakishiba huwafukuza viwavi.

Mwaka jana nilitafuta ile yenye jani la mzabibu kwa mtu mwingine kabisa, nikaipanda upande wa pili wa kibaraza. Zikichanua pamoja nachukua brashi ya rangi ya mtoto, napangusa huku, napaka kule. Ua halidumu, kwa hiyo ni asubuhi ileile au basi. Sasa yananing'inia matunda mawili ya kijani. Nilimtumia shangazi picha, akanipigia simu hapohapo.

"Kumbe ulikuwa umemnyima mchumba."