Dawa za Nano na Saratani: Usikae Nyumbani na Uvimbe Ukizingoja

Nano ni nini?
Ni kipimo cha udogo. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe zinazobeba dawa ya saratani huwa na kama 100 tu.

Zinafanyaje kazi?
Dawa ile ile ya kemo, yaani dawa ya kuua seli za saratani, hufungwa ndani ya kijifuko cha mafuta kiitwacho liposomu, au hushikizwa kwenye protini ya albumini. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, basi chembe hupenya hapo zikabaki. Marekani iliidhinisha doksorubisini ya liposomu mwaka 1995, na paklitakseli ya albumini mwaka 2005. Hiyo ya kwanza huusumbua moyo kidogo kuliko doksorubisini ya kawaida, ila yaweza kuchubua viganja na nyayo. Ukiona wekundu na maumivu, sema kabla ya dozi inayofuata, usijikaze kimya. Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nisubiri nano ili nisipasuliwe?
Hapana. Dawa hizi haziondoi haja ya upasuaji wala mionzi. Uvimbe mdogo wa titi, ukiwahiwa, mara nyingi hupona. Ukishafika kwenye ini au mifupa, kwa kawaida tunautuliza tu. Miezi unayosubiri ndiyo inayoupeleka huko.

Na matone ya "nano" yanayouzwa mitandaoni?
Hapana, tena hapana! Dawa tulizozitaja hupita mshipani kwa dripu, dozi ikikadiriwa kwa urefu na uzito, baada ya kupima damu. Muuguzi hukaa karibu kwa sababu mwili unaweza kushtuka dakika za mwanzo. Anayekuuzia chupa hakupimi chochote. Tunawapokea watu waliomaliza chupa baada ya chupa, na uvimbe uliokuwa kama harage umeshapasuka kuwa kidonda.

Hakuna kipimo cha nano badala ya kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa?
Bado. Chembe za chuma humsaidia daktari kutafuta tezi za kwapani wakati wa upasuaji wa titi, lakini jibu la kwamba ni saratani, na ya aina gani, hutoka kwenye kinyama. Wengi hukimbia wakiamini sindano ya kuchukulia kinyama itaisambaza saratani. Kinachoiacha isambae ni huko kukimbia. Una uvimbe mpya, au kidonda kisichopona kwa wiki tatu? Nenda wiki hii.