Ligi himilivu ni ligi ya namna gani?

Neno "himilivu" wengi wetu tumelizoea kutoka bungeni. Kila msimu wa bajeti tunaambiwa deni la taifa bado ni himilivu, na vijiweni watu wanatazamana: himilivu kivipi na linazidi kukua? Jibu la wachumi ni kwamba ukubwa wa deni peke yake hausemi kitu. Wanachoangalia ni kama siku ya kulipa ikifika, mdaiwa atakuwa na cha kulipa bila kuuza kitanda anacholalia.

Ukilileta neno hilo kwenye soka, maana haibadiliki sana. Ligi himilivu ni ile ambayo klabu zake zinaanza msimu zikijua fedha za kumalizia msimu zitatoka wapi na zitaingia mwezi gani. Hapo pa "mwezi gani" ndipo wengi tunapopita haraka. Ligi inaweza kuwa na mdhamini mkubwa, mabango yanawaka uwanjani, mechi zote zinaonekana kwenye televisheni, na bado isiwe himilivu.

Isevya, hapa Tabora, kuna mzee ninayemfahamu mwenye vyumba vya uani vya kupangisha. Miaka ya nyuma alipangisha vijana wanne wa timu moja ya madaraja ya chini. Mwezi wa kwanza walilipa. Wa pili wakasema, "Wiki ijayo mzee, mshahara uko njiani." Wa tatu wakasema hivyo hivyo. Asubuhi moja akakuta mlango uko wazi, chumba kimefagiwa vizuri kabisa, na nyuma ya mlango njumu pea moja zilizochanika unyayo. Hakuwalaani, maana alijua hata wao hawajalipwa. Lakini tangu hapo mchezaji akija kutafuta chumba, akishaitikia "marahaba", swali lake ni moja: "Mshahara wenu unaingia tarehe ngapi?" Hamuulizi analipwa ngapi.

Tabora tuna kumbukumbu nyingine, na hii iko hadharani. Agosti 2023, timu iliyopanda daraja kwa jina la Kitayosce, ikaja kuitwa Tabora United, ilianza maisha ya Ligi Kuu kwenye uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, dhidi ya Azam FC ikiwa na wachezaji 8 tu, kwa sababu ya matatizo ya usajili. Mechi haikufika mapumziko. Waliokuwepo walipopungua chini ya 7, mwamuzi akamaliza mchezo kama sheria inavyotaka, Azam wakiwa mbele 4-0. Novemba 2024, timu hiyo hiyo ikaifunga Yanga 3-1 Dar es Salaam. Ukitazama matokeo haya mawili unaelewa kwa nini ubora wa kikosi na uhimilivu wa klabu havipimwi kwa mizani moja.

Usajili kukwama si lazima kutokane na fedha. Ila ugonjwa wa fedha kwa kawaida huonekana huko kwanza, kwa sababu ya kanuni za FIFA. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na zikipita bila malipo ana haki ya kuvunja mkataba. Akienda kudai, akashinda, na klabu isilipe, klabu inafungiwa kusajili, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili. Kwa hiyo deni dogo la mchezaji aliyeondoka kimyakimya linarudi baada ya mwaka mmoja au miwili na kuzuia wachezaji kumi wapya. Viongozi wapya wanashangaa, "Hili deni si letu." Ni la klabu, na klabu ndiyo ninyi.

Sasa fedha zenyewe zinatoka wapi? Ligi yetu ina nguzo mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni haki za matangazo ya televisheni: mkataba wa shirikisho letu la soka, TFF, na Azam Media wa mwaka 2021, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Ya pili ni udhamini wa benki ya NBC, ambayo mwaka 2023 ilisaini miaka mitano kwa shilingi bilioni 32.6. Kuna viingilio pia, lakini tusidanganyane: kwa timu ya mkoani, siku za kuhesabu noti ni siku Simba wamekuja na siku Yanga wamekuja. Mechi zilizobaki, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unajaa watoto kuliko tiketi. Kuuza mchezaji kunaleta fedha nzuri, ila huwezi kukuandika kwenye bajeti kama mshahara wa Februari.

Tuchukue mkataba wa televisheni tuugawe kienyeji. Bilioni 225.6 kwa miaka 10 ni wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Kwa timu 16 inakuwa bilioni 1.41 kila moja. Ziwe 20, inashuka hadi bilioni 1.128. Katika hali halisi malipo hayalingani kila mwaka, si yote yanayokwenda kwa klabu, na nafasi kwenye msimamo ina uzito wake. Lakini hata mgawo huu wa kienyeji unaonyesha kwamba ukiongeza timu nne, kila klabu imepoteza shilingi milioni 282 bila kufanya kosa lolote.

Na kupungua kwa mgawo ni nusu tu ya habari, kwa sababu safari nazo zinaongezeka. Timu 16 zinacheza mechi 240 kwa msimu, kila timu 30. Zikiwa 20, mechi zinakuwa 380, kila timu 38, na nne kati ya hizo nane za ziada ni za ugenini. Mtu wa Dar anaweza kuona nne ni chache. Waambie Mashujaa, timu ya Kigoma. Reli ya kati kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na hapo hujaenda Tanga kucheza na Coastal Union. Basi, mafuta, hoteli ya watu thelathini, chakula, posho. Timu ya Ziwa Tanganyika na timu ya Kinondoni zinapewa ratiba moja, lakini ratiba hiyo hazilipi bei moja.

Hili tumeshaliona. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilipanuliwa hadi timu 20, na msimu huo huo ikachezwa bila mdhamini mkuu. Baadaye tukarudi 18, kisha 16 kuanzia 2021/22. Wenzetu Kenya waliliona kwa upande wa pili: mwaka 2017 ligi yao ilitoka timu 16 kwenda 18, na SuperSport, waliokuwa wananunua matangazo, wakajitoa wakilalamikia upanuzi huo. Miaka miwili baadaye SportPesa nao wakasitisha udhamini katika mvutano wao na serikali kuhusu leseni na kodi, na klabu kongwe kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinahangaika. Ndiyo maana mjadala wa muundo wa ligi, timu ngapi, wangapi washuke, hauwezi kutenganishwa na mjadala wa fedha. Idadi ya timu ndiyo kigawanyo.

Mtu wa mkoa huu nitamweleza kwa tumbaku. Mkulima wa Urambo anakopa mbolea kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, analima, anakausha, anapeleka sokoni, na mkopo unakatwa kabla hajashika fedha. Mwaka wa mvua nzuri anabaki na kitu, na mwaka mbaya anarudi nyumbani na karatasi ya makato. Klabu inayosajili Julai kwa kutegemea mgawo ambao haujaingia inalima tumbaku hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima analima kwa miezi kadhaa, wakati mikataba ya wachezaji inaendelea kulipiwa hata Juni, mpira ukiwa umelala. Tuseme klabu ina mishahara ya shilingi milioni 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 600. Ikipata milioni 700 inaonekana salama kwenye karatasi. Lakini kama 400 kati ya hizo zinaingia baada ya msimu kuisha, katikati ya msimu wachezaji wanagoma, na hakuna atakayewatuliza kwa kuwaonyesha jumla.

Nchi nyingi zimejibu tatizo hili kwa leseni ya klabu, yaani kibali ambacho klabu hupewa ikitimiza vigezo. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, linayo, na vigezo vyake viko katika makundi matano: michezo, miundombinu, utawala na watendaji, sheria, na fedha. Kwa maoni yangu, hicho cha mwisho ndicho kingetangulia. Ulaya wamekwenda mbali zaidi. UEFA sasa inataka gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato. Asilimia yenyewe si lazima tuikope. Cha kukopa ni ile hatua ya kukagua vitabu kabla ya filimbi ya kwanza, kwa sababu timu ikishasambaratika Machi inavuruga na msimamo wa wengine: waliokutana nayo ikiwa nzima wamepoteza pointi, wanaokuja kuikuta magofu wanazichukua bure.

Kuna njia nyingine tuliyoizoea Tanzania: kuegemea taasisi. Mashujaa ni ya jeshi. Prisons ni ya magereza, Dodoma Jiji ya halmashauri, Mtibwa na Kagera za viwanda vya sukari. Na mwaka 2025 Tabora United nayo ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Watani wa Kigoma hawakutuacha, wakasema sasa tukifungwa tutadai risiti. Kwa swali la yule mzee wa Isevya, taasisi inajibu vizuri: tarehe ya mshahara inajulikana. Kwa hiyo klabu moja moja inahimili.

Ligi nzima ni habari nyingine. Klabu ya taasisi inahimili mradi aliyeko makao makuu bado anaipenda. Huko China, Jiangsu walitwaa ubingwa Novemba 2020, na Februari 2021 wakafunga shughuli kwa sababu kampuni mama, Suning, haikutaka tena kubeba gharama. Bingwa wa nchi, miezi mitatu, kwisha. Sisemi hilo linakuja Tabora wala Kigoma; nasema mapato ya mmiliki ni kitu kimoja na mapato ya mpira ni kingine, na ligi inayopimwa uhimilivu wake inapimwa kwa hayo ya pili.

Hesabu hiyo ina tarehe. Mkataba wa televisheni wa 2021 unafika mwisho mwaka 2031, na ule wa NBC unamalizika kabla ya hapo. Atakayekaa mezani kununua miaka inayofuata ataanza na jambo lililowakimbiza SuperSport, timu ni ngapi, kisha atauliza: zote zitakuwepo hadi raundi ya mwisho?