Mchanga wa Ufukwe Hautulii: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujenga Kando ya Ziwa

Kila msimu wa kusi ukianza, malalamiko yanayotufikia kutoka Entebbe, visiwa vya Ssese na mialo ya Mukono hufanana: ukuta umeinama, mti wa kivuli umeng'oka, na mahali watoto walipochezea mchanga mwaka jana sasa pana mawe matupu. Mwenye kiwanja huuliza ajenge ukuta wa urefu gani. Ningependa aulize kwanza mchanga wake ulikuwa ukitoka wapi, na ni nani aliyeukatia njia.

Mchanga wa ufukweni uko safarini wakati wote. Simama mahali maji yanapofika kifundoni siku ya upepo, uangalie chini. Wimbi linaingia kwa mshazari, linapandisha chembe za mchanga kwa mshazari huohuo, kisha maji yanarudi ziwani moja kwa moja kufuata mteremko. Chembe hairudi ilipotoka. Imesogea pembeni kidogo. Wimbi linalofuata linaichukua tena. Mawimbi kwa siku moja ni maelfu, na pwani yetu ya Uganda iko kaskazini mwa Ziwa Viktoria, yaani upande unaopokea mawimbi ambayo kusi imeyasukuma kuvuka maji ya wazi. Ndiyo maana rasi zetu huliwa na ghuba zetu hujaa.

Ukiipa kazi hiyo muda, hujenga mambo makubwa. Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, lilikuwa ghuba ya Ziwa Viktoria. Mchanga ulirundikana mdomoni mwake ukawa tuta, tuta likaziba njia kabisa, na hayo yalitokea takriban miaka 4,000 iliyopita. Samaki waliofungiwa ndani wakaendelea kivyao, na leo kuna aina za furu wa Nabugabo wasiopatikana kwingine duniani.

Sasa weka gati la mawe katikati ya njia ya mchanga. Upande mchanga unakotokea, ufukwe hupanuka na mwenye gati hufurahi. Upande wa pili mawimbi yanaendelea kubeba mchanga kama kawaida, ila hakuna mwingine unaokuja kuziba pengo. Mfano ulio wazi zaidi Afrika uko Lagos, Nigeria. Huko, mapema katika karne ya 20, zilijengwa kuta za mawe kulinda mlango wa bandari. Mchanga wa pwani ile husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo magharibi mwa kuta pwani iliongezeka, na mashariki, eneo la Bar Beach, bahari ikala nchi kavu kwa miongo mingi. Ziwa letu lina mawimbi madogo kuliko bahari, lakini kanuni ni ileile.

Ukuta wima una ubaya wake wa ziada. Ufukwe wenye mteremko humchosha mwenzake wimbi polepole. Ukuta humrudisha na nguvu zake karibu zote, naye akirudi anachimba mchanga wa msingini. Nenda ukatazame kuta zilizopasuka: mara nyingi juu saruji ni nzima, shimo liko chini. Kisha tazama pale ukuta unapoishia. Hapo ndipo kiwanja cha jirani huanza kumegeka, na hapo ndipo ugomvi huanza. Binafsi, sioni haki mtu mmoja akilinda bustani yake kwa kula mwalo wa wavuvi.

Kuna jambo lingine linalotutofautisha na watu wa Mombasa au Tanga. Wao huona maji yakijaa na kupwa kila siku, hivyo mpaka wa bahari wanaujua. Ziwa Viktoria halina maji kujaa na kupwa ya kuonekana. Hupanda na kushuka kwa miaka. Mwaka 1964 kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.41. Mwaka 2006 maji yalikuwa chini sana, na ardhi iliyobaki wazi ikaonekana kama kiwanja. Mei 2020 kipimo kikafika mita 13.42. Miaka 56 inatosha kabisa watu kusahau maji yaliwahi kufika wapi. Kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 30, maji yakipanda mita 1 tu yanaingia mita 30 ndani, na mawimbi yanaanza kazi kwenye udongo laini ambao hayakuwa yakiufikia.

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinatenga mita 200 kutoka mstari wa maji ya chini kando ya maziwa makubwa, yakiwemo Viktoria, Albert na Kyoga. Ndani ya eneo hilo mafunjo yasifyekwe: mashina yake hupunguza nguvu za wimbi na mizizi hushika tope. Kuchota mchanga wa ufukweni kwa ajili ya ujenzi nako ni kuuondoa kwenye safari ambayo jirani anaitegemea.

Kama tayari una jengo na maji yanakukaribia, mteremko wa mawe makubwa huvumilia kuliko ukuta wima, ingawa nao unaweza kumnyima jirani mchanga. Kabla ya kuamua, chagua mti au nguzo isiyosogea, upime kwa kamba hadi ukingo wa maji kila mwezi kwa mwaka mzima, na upige picha ukiwa umesimama palepale. Mwombe na jirani wa kila upande apime kwake. Vipimo hivyo vitatu, vikipelekwa pamoja kwa afisa mazingira wa wilaya, vitaonyesha kama ufukwe wote unarudi nyuma au mchanga umezuiwa mahali fulani.