Mshono wa mkuku ukifunguka, weka saruji pembeni

Pepo za kusi zinapoanza na masika imeshika, mashua nyingi hapa Bagamoyo hupandishwa pwani. Na kila mwaka nasikia yale yale juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo: "Fundi, mkuku ulikuwa umeachia, nikauziba kwa saruji." Nimechoka, kwa sababu kuibandua saruji hiyo ni kazi ya siku nzima, na chini yake mara nyingi nakuta mbao nyeusi na misumari iliyoliwa na kutu imebaki vichwa.

Chombo kikikaa juu majuma kadhaa, mbao hukauka na kusinyaa. Mshono kati ya mkuku na mbao ya kwanza hufunguka, pengine hata mwanga ukapita. Huo si ubovu. Kikirudi majini mbao zinakunywa, zinavimba, mshono unajifunga wenyewe. Sasa wewe umejaza saruji, au gundi ngumu, au umeshindilia pamba kwa chembeu na nyundo mpaka haiingii tena. Mbao ikivimba iende wapi? Itasukumana na mkuku, na cha kuachia ni misumari inayoishikilia kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Hapo ndipo unapopata uvujaji wa kweli, na kalafati, ile pamba ya kuziba mishono, haitausaidia.

Ufa mwembamba unaokwenda sawasawa kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, ni wa ukavu. Unaopanuka mahali pamoja, pana michirizi ya kutu, una jambo. Choma hapo kwa ncha ya kisu: mbao nzima inakikataa kisu, iliyooza inakipokea kimya, na ukikichomoa kinatoka na unga wenye unyevu. Lakini sitawaficha, ziko nyufa ambazo hata baada ya kisu nasimama mbele yake bila uamuzi. Hizo naziachia maji yaamue. Siku mbili tatu kabla ya kushua chombo majini, laza magunia yaliyolowa maji ya bahari kando ya mkuku, kisha mimina ndoo chache za maji hayo hayo ndani ya ngama, kule chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika. Nasema chache. Chombo kilicho juu ya magogo hakikuundwa kubeba maji tumboni. Mwanzo yatatiririka, usitishike. Rudi kesho yake uangalie: palipobaki na matone pataziba, panapoendelea kutiririka ndipo pa kutia kalafati, pamba iliyolowa sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa mkono mwepesi.

Halafu hii ngama. Watu wanakumba maji ya chumvi kwa pupa, wanafuta na matambara, kisha wanaiacha mashua wazi mvua zote za masika! Maji ya chumvi yanazuia ukungu unaoozesha mbao. Ya mvua yanaukaribisha. Yakituama juu ya mkuku miezi miwili, hasa kwenye kona za mataruma, uozo unaanzia ndani ambako rangi ya nje haitakuonyesha. Kwa hiyo kabla ya yote zibua vile vitundu vya kupitishia maji chini ya mataruma. Magamba ya samaki, mkaa na mchanga hukaa humo. Kiinamishe chombo kidogo upande wa tezi, na kama kina kizibo, king'oe. Funika kwa makuti au turubai, ila ncha zote mbili ziache wazi upepo upite. Turubai lililobanwa linatoa jasho usiku kucha.

Kupaka sifa ndani ya ngama, mafundi hatukubaliani. Mimi napaka mbao kavu tu, maana yenye unyevu ukiipaka unaufungia ndani.

Magadi, ile miti ya kuegemeza ubavuni, ni ya kukisimamisha chombo kisilale. Uzito wote ukae kwenye mkuku. Gadi likibeba uzito linasukuma mbao ndani na mshono unafunguka kwa nguvu, si kwa ukavu. Shahamu na chokaa kila mtu anapaka nje, chini ya chombo. Wanachosahau ni pale mkuku unapokalia gogo. Sogeza magogo, upake na hapo.