Si kweli kwamba kusasisha simu ni kukaribisha virusi

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, bado unazunguka ujumbe wa zamani: "Simu ikikuambia usasishe, kataa. Wanakuwekea virusi ili ununue mpya."

Si kweli. Kila programu hutoka na makosa, na baadhi ni matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Masasisho huyaziba. Mei 2017, programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fedha, wakati marekebisho ya tundu ililotumia kwenye kompyuta za Windows yalikuwa yametolewa tangu Machi. Walioumia wengi ni ambao hawakuwa wameyaweka.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu Toleo la Android. Utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka 2 iliyopita, matundu yaliyogunduliwa baadaye yamebaki wazi.

Naelewa hofu inatoka wapi. Sasisho hula bando, na simu iliyojaa picha inaweza kuwa nzito baada yake. Tena zipo linki za kitapeli zinazojiita "apdeti". Hizo ndizo hatari kweli, usizibonyeze. Sasisho halali hupatikana ndani ya Mipangilio yenyewe.

Tafadhali, ujumbe ule ukikufikia usiusambaze. Mwambie kwa upole aliyeutuma, hasa kama ni mzazi au mzee anayeweka akiba yake kwenye simu.