Kiwanja cha ndege "cha kimataifa" maana yake nini?

Lami ikiongezwa kwenye kiwanja cha ndege, au jengo la abiria likiwekwa vioo na viyoyozi, husikika: "Sasa nasi tuna kiwanja cha kimataifa." Husemwa redioni, huandikwa hata kwenye mabango. Si kweli.

Kiwanja cha kimataifa ni kile ambacho nchi imekitangaza kuwa mlango wa kuingilia na kutokea kwa safari za ndege za nje, na ambako taratibu za Forodha, Uhamiaji, afya na karantini ya wanyama na mimea hufanyika. Ndivyo kinavyoelezwa katika Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Urefu wa njia ya kurukia haumo katika maelezo hayo, wala idadi ya ndege.

Nadhani kinachotuponza ni kile kiambishi ki-. Taifa tumelitoa kwenye Kiarabu, kwa maana ya kundi la watu, na halina tatizo. Lakini tukisema nguo za kisasa, kuku wa kienyeji au mapishi ya kipwani, ki- huonyesha namna na mtindo. Sikio lililozoea hivyo likikutana na kimataifa hudhani ni yale yale: cha mtindo wa ng'ambo, cha kung'aa. Mkutano wa kimataifa lakini hauitwi hivyo kwa uzuri wa viti. Ni wa kimataifa hata ukifanyika chini ya mwembe, ilimradi waliokaa wametoka mataifa mbalimbali.

Neno linalobeba maana yenyewe ni forodha. Nalo ni la Kiarabu, na huko asili yake ni bandari, mahali vyombo vinapofikia na mali ikatozwa ushuru. Forodhani ya Unguja ilipata jina lake hivyo. Mambo ya bandari yamehamia kwenye ndege pamoja na maneno yake: ofisa anayekagua cheti chako cha homa ya manjano kiwanjani huitwa wa Afya Bandarini, ingawa bahari haionekani hapo. (Cheti hicho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Anayechanjwa juzi ya safari hukwama kwenye meza hiyo, kabla hata ya kufika Uhamiaji.)

Chukua Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Jengo la Tatu lilipofunguliwa Agosti 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, safari za nje zilihamia humo na Jengo la Pili, lililoanza kazi 1984, likabaki na za ndani. Njia kuu ya kurukia ni ileile moja: ndege ya Dodoma na ya Dubai hupita juu ya lami hiyohiyo. Kinachozitofautisha ni madawati yaliyo ndani ya jengo. Atokaye Dubai kwenda Dodoma humalizana na afya, Uhamiaji na Forodha hapo Dar, ndipo aanze safari ya ndani. Kama tiketi zake ni mbili tofauti, huchukua mabegi, hutoka nje na kujiandikisha upya. Aliyejipa saa moja kati ya ndege na ndege mara nyingi huachwa.

Kwa upande mwingine, Wilson ya Nairobi haina neno "kimataifa" kwenye jina, na njia zake hazifiki mita 2,000, ila Forodha na Uhamiaji wapo, na ndege ndogo huondoka pale kwenda nchi jirani. LaGuardia ya New York ni kubwa na ina shughuli nyingi mno, lakini haina ukaguzi wa kuingia Marekani. Abiria wa Toronto huweza kutua pale kwa sababu wameshakaguliwa na maofisa wa Marekani wakiwa bado Kanada.

Kuna na "viwango vya kimataifa", ambavyo watu huvichanganya na haya. Hivyo ni viwango vya usalama: taa, alama za njia, zimamoto, uzio. Kiwanja cha safari za ndani kinaweza kuvitimiza vyote kikabaki cha ndani, na hakuna aibu. Mhudumu akisema "kiwanja chetu kina viwango vya kimataifa" huenda amesema kweli tupu. Anayemnukuu ndiye huangusha neno moja, kikawa "kiwanja cha kimataifa".

Kwa hiyo njia ikirefushwa, tuandike kwamba kiwanja kimepanuliwa, kwamba sasa ndege kubwa zaidi zitatua. Hiyo ni habari njema inayojitosheleza. "Cha kimataifa" tukiandike siku serikali itakapokitangaza na dawati la Forodha likapata mtu.