Kwa Nini Tunapima Kiuno Baada ya Mizani

Katika zoezi la upimaji wa afya linaloendelea, wengi wamehoji kwa nini wanazungushiwa tepu kiunoni ilhali wamekwisha kuambiwa kuwa uzito wao unalingana na urefu wao. Mizani haielezi mafuta yamekaa wapi, na kwa moyo hilo ni jambo zito. Mafuta ya chini ya ngozi ya mapaja na nyonga hayana madhara makubwa. Yale yanayozunguka utumbo humwaga asidi za mafuta katika mshipa unaoingia kwenye ini, mafuta ya damu yakaongezeka, mwili ukaanza kuikaidi insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari ya damu, na shinikizo la damu likapanda, hali ambazo kwa pamoja huharakisha kuziba kwa mishipa ya moyo. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha nchi 52, ulionyesha kuwa uwiano wa kiuno na nyonga unahusiana zaidi na shambulio la moyo kuliko uwiano wa uzito na urefu.

Anayepimwa husimama wima, miguu ikiwa imekaribiana. Mpimaji hutafuta kwa vidole ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, huweka tepu katikati ya alama hizo, sambamba na sakafu, kisha husoma namba mwishoni mwa pumzi ya kawaida inayotoka. Anayevuta tumbo ndani hupimwa upya, kwa hiyo anachopata ni kuchelewesha foleni tu. Saizi ya suruali nayo si kipimo, na tunaomba tusiendelee kutajiwa, kwa kuwa wengi hufunga mkanda chini ya kitambi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari huongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huongezeka sana kikizidi 102 na 88. Kwa watu wa asili ya Asia viwango vinavyotumika huwa vya chini zaidi. Kuvuka kiwango si kuthibitishwa kuwa na ugonjwa, bali ni sababu ya kupimwa shinikizo la damu, sukari na lehemu (kolesteroli).

Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli, hayachagui mafuta ya kuondoa. Kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki huweza kupunguza mafuta ya ndani hata pale ambapo mizani haijashuka, na ndiyo maana katika mahudhurio yanayofuata tepu itatumika tena.